Soneti ya 116 na kiapo cha mtu mmoja

Machi 2025 Chuo Kikuu cha Oxford kilitangaza kwamba mtafiti Leah Veronese, alipokuwa akipekua miswada ya karne ya 17 katika Maktaba ya Bodleian, alikuta nakala ya Soneti ya 116 ya William Shakespeare, moja ya mashairi yake mafupi ya mishororo 14, iliyoandikwa kwa mkono na ambayo watafiti walikuwa wameipita bila kuitambua. Ilikuwamo katika mkusanyiko wa mashairi miongoni mwa makaratasi ya Elias Ashmole, yule mkusanyaji wa mambo ya kale ambaye hazina yake ndiyo iliyozaa jumba la makumbusho la Ashmolean lililofunguliwa mwaka 1683. Orodha ya zamani ya maktaba ilikuwa imeeleza kwamba shairi hilo linahusu uthabiti katika mapenzi, basi, bila kumtaja Shakespeare. Sababu ya kupitwa kwake si ngumu kuiona. Mshororo wa kwanza, ule ambao karibu kila mtu huutumia kulitambua shairi hili, haumo. Pahala pake pana mshororo mwingine, na mbele kuna mishororo ya ziada, kwa kuwa hayo ni maneno yaliyorekebishwa ili yaimbwe kwa muziki wa Henry Lawes, mwanamuziki aliyemtumikia Mfalme Charles I wa Uingereza.

Tangu hapo nakala hiyo imekuwa ikizungumzwa kama kioja cha kisiasa. Ashmole alikuwa mfuasi wa mfalme, mkusanyiko wenyewe una mashairi ya dhihaka kuhusu misukosuko ya miaka ya 1640, mfalme alipogombana na Bunge, pamoja na nyimbo za Krismasi zilizopigwa marufuku, na Veronese mwenyewe ameeleza kwamba katika mazingira hayo mishororo ya ziada inaweza kusomwa kama wito wa uaminifu wa kidini na wa kisiasa. Kutokana na hapo wapo wanaosema kwamba shairi la mapenzi lilitekwa na siasa, na wapo wanaokwenda mbali zaidi wakidai kuwa sasa imefichuka siasa iliyokuwa imejificha ndani yake tangu mwanzo. Naona pande zote mbili zinatazama pasipostahili. Thamani kubwa ya nakala ya Ashmole ni kwamba, kwa kile ilichokiondoa, inatuonyesha mapenzi ya kudumu katika Soneti ya 116 yamesimama juu ya nini: yamesimama juu ya mtu mmoja anayejifunga mwenyewe kwa kiapo, pasipo kumdai mwenzake chochote. Ukimwondoa mtu huyo, nyota na tufani ambazo shairi linazitumia kama picha za mapenzi zinabaki mahali pake, lakini shairi linageuka kuwa jambo jingine.

Soneti 154 za Shakespeare zilichapishwa London mwaka 1609 na Thomas Thorpe. Zile 126 za mwanzo kwa kawaida husomwa kuwa zinamhusu kijana wa kiume, na nyingi za zilizobaki mwanamke ambaye mshairi anampenda huku akimlaumu. Ya 116, kwa bahati mbaya ya mpiga chapa, ilitoka ikiwa na namba 119. Wengi wetu tumemjua Shakespeare wa jukwaani kabla ya huyu wa soneti, hasa kwa njia ya Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi katika tafsiri za Mwalimu Nyerere, na msomaji aliyelelewa na tarbia zetu za mizani 16, zenye kina cha kati na cha mwisho, huenda akaliona umbo la soneti kuwa finyu: mishororo 14 yenye mizani kumi hivi, tarbia tatu zenye vina vya kupishana, kisha tathnia ya kufungia. Ufinyu huo unamfaa mtu anayejenga hoja, na Soneti ya 116 ni hoja kuliko ilivyo wimbo. Kwa maneno yangu inakwenda hivi. Nisikubali mimi kuwapo kwa pingamizi lolote katika ndoa ya nia mbili za kweli. Mapenzi si mapenzi ikiwa yanabadilika yanapokuta mabadiliko, au yanapinda ili yaondoke pamoja na aondokaye. La hasha, ni alama ya baharini isiyohama, inayotazama tufani bila kutikisika. Ni nyota kwa kila chombo kilichopotea njia, nyota ambayo thamani yake haijulikani ijapokuwa kimo chake hupimwa. Mapenzi si mtumwa wa kuchezewa na Wakati, ingawa midomo na mashavu ya waridi huingia katika mzunguko wa mundu wake. Hayabadiliki kwa saa na majuma yake mafupi, bali huvumilia hata ukingoni mwa Siku ya Kiyama. Na ikiwa huu ni upotovu, na nikathibitishiwa hivyo, basi mimi sijapata kuandika, wala hakuna mtu aliyepata kupenda.

Wanaolisoma shairi hili harusini wana hoja nzito kuliko wahakiki wengi wanavyokubali. Ibada ya ndoa ya Kanisa la Uingereza, ambayo Mwingereza wa zama zile aliisikia tangu utotoni, inamtaka kasisi awaamuru bwana na bibi harusi waungame hapo hapo kama yeyote kati yao anajua pingamizi la kuwazuia kuungana kihalali. Soneti inaanza kana kwamba mtu ameulizwa swali hilo na sasa anajibu. Kwa hiyo ndoa haikupachikwa katika shairi hili na watengenezaji wa kadi za harusi. Imo katika pumzi yake ya kwanza. Lakini tazama ni nani anayejibu. Katika ibada ile wanaulizwa wawili na wanaapa wawili, na kiapo cha mmoja ndicho kinachokipa cha mwenzake maana. Hapa anasema mmoja peke yake. Mwenzake hasikiki, hatajwi jina, wala hasemezwi: katika mishororo yote 14 hakuna "wewe" hata mara moja, ilhali Soneti ya 18, ile ya kumfananisha mpenzi na siku ya kiangazi, inamwelekea mpenzi huyo tangu mshororo wa kwanza hadi wa mwisho. Na kinachoelezwa baada ya mlango huo wa kanisani si furaha ya wawili waliopatana. Ni mabadiliko, ni kuondoka, ni tufani, ni chombo kilichopotea. Mtu hatungi maneno ya namna hii kama pingamizi halijasogea karibu.

Mhakiki wa Marekani Helen Vendler alishikilia kwamba soneti hii isisomwe kama tafsili tulivu ya maana ya mapenzi, bali kama majibizano: mpenzi amekwisha kusema, nje ya shairi, kwamba mambo hubadilika na watu huondoka, na mshairi anamkatalia neno kwa neno. Wapo wasiolikubali wazo hili kwa sababu linamzulia mpenzi maneno ambayo hayakuandikwa, na pingamizi lao lina mantiki. Hata hivyo wingi wa ukanushaji katika shairi hili, kuanzia sentensi ya kwanza hadi mshororo wa mwisho, unahitaji kuelezwa kwa njia fulani, na mimi sijapata maelezo bora zaidi. Mtu anayekanusha mara nyingi kiasi hicho ana kitu mbele yake anachokikanusha. Majirani wa soneti hii wanaitia nguvu hoja hiyo. Katika Soneti ya 115 mshairi anakiri kwamba mashairi yake ya awali yalisema uongo, kwa kuwa yalidai kwamba asingeweza kupenda zaidi ya alivyopenda wakati ule, kumbe mapenzi yake yalikuwa bado yanakua. Katika Soneti ya 117 ni yeye mwenyewe anayeshtakiwa: amemnyima mwenzake haki zake, ameambatana na nia asizozijua, ameukabidhi Wakati kilichokuwa mali ya mpenzi wake, ametweka tanga kwa kila upepo uliompeleka mbali. Yule aliyetuambia juu ya nyota na chombo kilichopotea, katika ukurasa unaofuata anakiri kwamba chombo hicho ni yeye. Hatuna hakika kwamba mpangilio wa 1609 ni wa Shakespeare mwenyewe, na kwa sababu hiyo sitaki kuutwisha hoja nzima. Lakini tanga la 117 linaijibu nyota ya 116 kwa namna ambayo ni vigumu kuiita sadfa.

Nyota yenyewe inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndipo picha ya mapenzi ya kudumu inapokuwa ngeni kuliko tunavyodhani. Mabaharia wa Ulaya wa wakati wa Shakespeare walipima kimo cha Nyota ya Kaskazini kutoka upeo wa bahari ili wajue wamefika latitudo gani. Kipimo hicho kiliwapa mahali walipo wao. Hakikuwaambia lolote kuhusu nyota. Ndivyo shairi linavyosema kuhusu mapenzi: matendo yake yanaweza kupimwa, thamani yake haipimiki. Zaidi ya hapo, nyota haishuki kumfuata baharia, haimkaribii, haimpi joto, wala haitaki irudishiwe kitu. Ni picha ya uaminifu, lakini ni uaminifu wa mbali na wenye ubaridi fulani. Mwili unaonekana mara moja tu, katika midomo na mashavu, nao unaonekana ukiwa tayari chini ya mundu. Mshairi amemwachia Wakati kila kinachoweza kushikwa kwa mkono, akabaki na kitu kimoja ambacho hakiwezi kukatwa kwa sababu hakipo mwilini, nacho ni uamuzi wa mtu kutohama.

Msomaji wa Kiswahili ana shairi lake la kulinganishia. Shaaban Robert, katika maombolezo yake ya mkewe Amina, alifunga ubeti kwa mshororo ambao vizazi vya wanafunzi wameukariri: "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua." Hayo nayo ni mapenzi ya kudumu, na yana wingi ambao Shakespeare hana. Tuliyofunga ni sisi, wawili, na aliyekwenda alikwenda akiwa bado upande wangu. Kifo kimewatenganisha bila kumgeuza yeyote kati yao. Soneti ya 116 imechagua kesi ngumu zaidi na isiyo na faraja: mwenzako yu hai, amebadilika, pengine ameondoka kwa miguu yake mwenyewe, na swali ni kama wewe uliyebaki ungali umefungwa. Shakespeare anajibu kwamba ndiyo, wala hatoi sababu yoyote inayotokana na mwenendo wa yule mwingine.

Sasa turudi kwa Ashmole, na tuanze kwa kuiondoa njiani hoja iliyo dhaifu kuliko zote, kwamba nakala hii imefichua siasa ya siri ya Shakespeare. Shakespeare alifariki mwaka 1616. Ashmole alizaliwa mwaka uliofuata. Vita kati ya mfalme na Bunge vilianza mwaka 1642, miaka 33 baada ya soneti kuchapishwa. Hakuna namna ambayo shairi lingeweza kuficha ndani yake ugomvi ambao haukuwa umetokea. Wasomaji wa pwani yetu, waliozoea mafumbo ya Muyaka bin Haji na siasa za Mombasa ya wakati wake, wanajua vizuri kwamba maneno ya mapenzi hupata maana ya pili kutokana na mahali yanapotamkwa na anayeyasikiliza, na kwamba maana hiyo ya pili inaweza kuwa ya kweli hata kama mtunzi wa kwanza hakuikusudia. Wafuasi wa Charles walihitaji maneno ya kuwaelezea watu wanaobaki na yule ambaye bahati imemhama. Waliyapata hapa, na kwa hilo walilisoma shairi vizuri: walisikia ndani yake tufani na kuondoka, mambo ambayo sisi tumejizoeza kutoyasikia. Ile hoja nyingine, kwamba shairi la mapenzi liliharibiwa kwa kuingizwa siasa, inaanguka hapo hapo, kwa kuwa uthabiti ndio uliokuwa kiini chake hata kabla ya vita.

Kilichobadilika ni kitu kingine. Maneno ya wimbo wa Lawes yanafungua kwa laana. Upotovu unaojipofusha, yanasema, uzikamate nia zote zile ambazo kwa majina ya uongo huyaita mapenzi yale yanayobadilika yanapokuta mabadiliko. Kuanzia hapo tunarudi katika maneno tunayoyajua. Ndoa imetoka. Pingamizi limetoka. Na pamoja nayo ametoka yule "mimi" aliyekuwa ameulizwa swali na analijibu kwa niaba ya nafsi yake. Neno "upotovu", ambalo Shakespeare aliliweka mwishoni na kulielekeza kwake mwenyewe, kana kwamba anawaambia watu wamshtaki wakiweza, sasa limekuja mwanzoni na linawaelekea wengine. Sina sababu ya kumlaumu aliyerekebisha. Alihitaji ufunguzi wa kuimbika, na mwimbaji anayeanza kwa kulaani huwashika wasikilizaji haraka kuliko anayeanza kwa sharti la kisheria. Lakini ubeti huo mmoja umegeuza kiapo kuwa hukumu. Wa kwanza anasema: mimi sitahama. Wa pili anasema: walaaniwe wanaohama. Kuhusu mapenzi ya kudumu kauli hizo mbili ziko mbali sana, ingawa nyota inayofuata ni ile ile.

Tofauti hiyo ndiyo inayonisaidia kuikabili hoja nzito zaidi dhidi ya soneti hii, ambayo nimeisikia kwa wanawake wasomi na ambayo haistahili kupuuzwa. Wanasema shairi linalotukuza mapenzi yasiyobadilika hata mpenzi anapobadilika ni shairi la hatari, kwa sababu linatoa maneno matamu kwa wazo ambalo limewaumiza wengi. Binti anayerudi kwao na majeraha huambiwa na mashangazi kwamba ndoa ni kuvumilia, na hapo huyu Mwingereza wa karne nne zilizopita anatoa shahada kwamba mapenzi ya kweli huvumilia mpaka Kiyama. Nakubali kwamba maneno yenyewe yanaweza kutumiwa hivyo, na sina shaka yametumiwa. Lakini anayeyatumia hivyo anafanya kile kile ambacho maneno ya wimbo wa Lawes yalifanya: anamwondoa msemaji anayejifunga mwenyewe na kuweka pahala pake mtu anayewafunga wengine. Shakespeare hakumwandikia shangazi. Katika soneti hakuna anayeambiwa avumilie. Kuna anayesema kwamba yeye atavumilia, na anayeweka rehani jina lake la uandishi endapo atashindwa. Uthabiti wa namna hiyo unaweza kuwa wa busara au wa kijinga, na rafiki anaweza kumshauri mwenye nao auache, lakini hauwezi kuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja ukavalishwa mwingine. Hata hivyo sisemi hoja ya wakosoaji imekwisha. Shairi halituambii lini kiapo kinakoma kuwa uaminifu na kuwa utumwa, na msomaji anayetaka mpaka huo atalazimika kuutafuta kwingine.

Rehani hiyo ya mwisho mara nyingi hupitwa haraka kwa sababu inaonekana kama mbwembwe. Kwa hakika inaitofautisha soneti hii na nyingi za wenzake. Soneti ya 18 inamwahidi mpenzi kwamba ataishi maadamu watu wana pumzi na macho ya kusomea, yaani uzima wake unategemea shairi. Katika 116 utegemezi umegeuzwa: shairi ndilo linalotegemea mapenzi kuwa ya kweli, na mapenzi yakionekana ya uongo, maandishi yote yanafutika. Ni dau la ajabu, kwa sababu maandishi yako mbele yetu na hayawezi kufutika, kwa hiyo kwa hesabu ya kimantiki mshairi hawezi kushindwa. Wapo wanaoita hiyo hila ya wakili. Mimi naiona kama alama ya mtu anayejua kwamba dai lake haliwezi kuthibitishwa kwa ushahidi wowote uliopo leo, kwa kuwa ushahidi wa kudumu hupatikana mwisho tu, na mwisho wenyewe ameuweka Kiyama. Asiyeweza kuleta ushahidi huapa.

Ikiwa usomaji huu ni sahihi, kuna mambo ya kubadilisha, na si makubwa. Katika harusi nilizohudhuria soneti hii imesomwa na rafiki wa bibi harusi au na mshehereshaji, mtu ambaye hafungwi na neno lolote analolitamka. Mimi ningependa isomwe na mmoja wa wanaooana, na mwenzake aachwe huru kunyamaza au kusoma yake. Walimu wanaoifundisha kama maana ya mapenzi wangeweza kuanza kwa kuuliza nani anasema, kwa nini anaanza kwa kukataa, na ni swali gani aliloulizwa kabla hajafungua kinywa. Ufunguzi wa Lawes nao ungefaa kuwekwa kando ya ule wa 1609 darasani, kwani wanafunzi wataona kwa macho yao kinachotokea pale kiapo kinapompoteza muapaji wake. Na wanaochapa mkusanyiko wa mashairi ya mapenzi wangefanya vyema kutoitenga 116 na ndugu zake. Anayesoma 117 mara tu baada yake anamkuta muapaji yule yule kizimbani, amekiri kila shtaka la kuhama na kutweka tanga, na utetezi pekee anaoutoa ni kwamba alikuwa akijaribu uthabiti wa mapenzi ya mwenzake. Ni utetezi dhaifu, na Shakespeare hakumtafutia mwingine ulio bora.